Dirisha Lililochorwa Ukutani

Kibanda cha kumi na mbili kilikuwa na dirisha la kijani, na chini ya dirisha chungu cha maua mekundu, na vyote viwili vilikuwa uongo mtupu. Wakati wa vita askari walivichora kwa brashi juu ya zege, ili ndege za adui zipite zikidhani hapo anakaa mkulima na mkewe na kuku wao. Ndege zilipita. Vita navyo vikapita. Miaka kumi na mitano ikaja juu yake, mipungate ikaota mpaka mabegani mwa ukuta, miiba ikafunga mlango, mvua ikalamba rangi. Lakini lile dirisha lilikuwa bado pale, limefungwa vile vile.

"Hiki ndicho cha mwisho," alisema Liborio. Alikuwa na mundu mkononi, na shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Unakata majani unaacha shina," alisema Agrippina. "Ndivyo mnavyonyoana ndevu huko kwenu pwani?"

"Huko kwetu tunanyolewa na wake zetu."

"Kumbe una mke?"

"Ningekuwa naye ndevu zingekuwa hivi?"

Chini ya mlozi Shangazi Gaetana alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kazi. Alikuwa ameketi juu ya jiwe na rozari mapajani, kikapu kando, punda nyuma yake, na kazi yake duniani kwa wiki tatu hizi ilikuwa moja tu, kuhakikisha binti wa kaka yake hapotei machoni akiwa na mwanaume.

Kazi hiyo ilikuwa na dosari yake. Shangazi Gaetana alikuwa mwanamke wa kilo mia na ushee, na milango ya vibanda vile ilijengwa kwa ajili ya askari wenye njaa. Ukiingia unakutana na ukuta, unajikunja kushoto, ndipo unatokea ndani. Kwenye kibanda cha kwanza Shangazi alijaribu. Ilibidi avutwe kwa miguu, na tangu siku hiyo akaona heri asali.

Liborio alikuwa ametumwa na ofisi ya ardhi kutafuta vibanda vya vita vyote vilivyozama vichakani, avitie kwenye ramani, maana wakulima walikuwa wanagombana kila mwaka kwamba hiki kiko kwangu na kile kiko kwako. Petrafico nzima hakuna aliyevijua vyote isipokuwa Agrippina, binti wa Mzee Saverio. Mmea wa kapari hupenda kuota juu ya zege la jua kali, na yeye tangu ana miaka minane alikuwa anapanda juu ya vibanda vile kuchuma vitumba vyake, vidogo kama njegere, vya kutia chumvi. Baba yake alikubali awe kiongozi wa njia, kwa sharti la Shangazi.

Basi vibanda kumi na moja, mara kumi na moja, wawili wale walikuwa wamezama ndani kwa muda wa Salamu Maria kumi hivi. Katika cha tatu Liborio alimshika mkono avuke shimo, akasahau kumrudishia. Katika cha saba, yaliyotokea wanayajua mbayuwayu waliojenga darini, nao hawakumwambia mtu.

Kilichokuwa kinajulikana na kila mtu ni kile cha kinyozi. Wiki mbili nyuma mama yake Liborio alikuwa ametuma mtu kupeleka posa. Mzee Saverio alisimama kwenye kiti cha kinyozi, povu la sabuni limemjaa shavu moja, akaapa mbele ya wanaume kumi na mmoja: "Maadamu mlango wa nyumba yangu nafungua mimi, binti yangu haolewi na mtu wa pwani asiye na ardhi hata ya kuzikia paka!" Akakaa, akamaliziwa shavu la pili. Na kauli iliyotolewa mbele ya wanaume kumi na mmoja, Petrafico, hairudishwi.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa moja asubuhi gari la ofisi lingemchukua Liborio kwenda mkoa mwingine, kutafuta vibanda vingine, pamoja na wasichana wa huko wanaojua njia. Hilo la wasichana Agrippina alikuwa analifikiria tangu Jumatatu.

Mlango ukafunguka kwa kelele ya chuma iliyosahau kazi yake. Wakaingia, wakajikunja kushoto.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mbuzi wa zamani. Mwanga uliingia kwa matundu matatu ya kupigia bunduki, membamba, ukalala juu ya sakafu kama vitambaa vitatu vimeanikwa. Liborio aliwasha tochi, akasogea ukutani.

"Pina, njoo usome. Kuna mtu kaandika kwa msumari."

Agrippina akasoma kwa sauti. "'Hapa alilala Ottavio miezi tisa. Hakumpiga mtu risasi. Aliumwa na viroboto.'"

Wakacheka wote wawili, halafu kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Walikuwa wamesimama karibu mno. Agrippina alimsikia akipumua. Alisikia harufu ya ile sabuni yake ya machungwa, na ya penseli anayoiweka sikioni, na akajua kwamba hata akiwa bibi kizee asiye na jino, penseli ikichongwa popote moyo wake utaruka.

"Huandiki?" alimuuliza. "Mbona hupimi?"

"Nitapima."

"Vibanda vyote ulianza na mlango. Hiki hata kamba hujatoa."

"Hakuna haraka."

Hapo ndipo kitu kilipomgusa shingoni. Mwanaume huyu siku zote alikuwa anaharakisha. Alipima kama anayefukuzwa. Akatega sikio. Nje nyenje walikuwa wanalia. Upepo ulikuwa unapita kwenye mlozi. Na basi. Sauti ya Shangazi, ile ya kusali puani kama nyuki ndani ya chupa, haikuwepo.

"Shangazi!" aliita.

Kimya.

Alitoka mbio akijikwaruza bega kwenye kona. Chini ya mlozi palikuwa na kikapu, na majani yaliyolala kwa uzito wa mtu. Shangazi hayupo. Punda hayupo. Kwanza alidhani punda amekurupuka akamtupa mahali, akashuka mteremko akiita, mpaka alipoziona alama za kwato kwenye vumbi. Zilikuwa zimepangana vizuri kuelekea kijijini, hatua za punda asiye na wasiwasi wowote.

Akageuka. Liborio alikuwa amesimama kando ya lile dirisha la kijani, kofia mkononi. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko yale maua. Mdomo wa Liborio ungeweza kujaribu kudanganya; masikio yake hayakuwahi kufundishwa.

"Wewe unajua alikokwenda."

"Pina..."

"Usiniite Pina. Shangazi yangu yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani. Kichwa kilikuwa kinamuuma."

"Shangazi? Kichwa? Kile hakijawahi kuuma tangu azaliwe, hakina cha kuuma ndani. Liborio, niangalie. Jua liko wapi?"

Aliangalia. Jua lilikuwa limebakiza urefu wa mkono juu ya kilima. Kutoka pale hadi kijijini kwa miguu ni saa nzima.

Sheria ya Petrafico haikuandikwa popote, ndiyo maana haikuvunjwa. Msichana akiondoka na mwanaume, kengele ya sala ya jioni, ile ya jua kuzama, ikalia kabla hajarudi, huyo ametoroshwa. Hakuna anayeuliza walifanya nini huko, hata kama walikaa wakihesabu mbayuwayu. Baba anapiga kelele na kauli yake inakwisha hapo, mama analia, padri anafungua kanisa alfajiri, na bibi harusi anaolewa kwenye altare ya pembeni, bila shela, bila shangwe, kama mtu aliyekwenda posta kuchukua kifurushi.

Agrippina alirudi chini ya mlozi. Alikiendea kikapu. Asubuhi alikuwa amekibeba yeye mwenyewe kukipakia kwa punda, akashangaa uzito wake, mama yake akamwambia ni mikate. Aliondoa kitambaa cha juu. Mikate ilikuwepo. Chini ya mikate palikuwa na blanketi. Chini ya blanketi, imepigwa pasi ikakunjwa, nguo yake nyeupe ya kulalia, ile aliyoitarizi mwenyewe pindoni miaka miwili, ya sandukuni, ya siku ya harusi. Na kitana chake.

Alikigeuza kitana mkononi.

"Mama," alisema polepole. "Lile sanduku analifungua mama tu. Mama anajua."

"Walisema..."

"Ngoja." Chini kabisa mkono wake ulikuwa umegusa kitu kizito kilichofungwa kwa jani la mtini. Akakifungua. Kilikuwa jibini ya kondoo ya miaka mitatu, nyeusi ganda, ile ambayo nyumbani kwao ilikuwa inakaa kabatini na kufuli, na ufunguo wa kabati ulikuwa unalala kiunoni mwa Mzee Saverio, hata akioga.

Agrippina aliikalia ile habari, chini kwenye majani.

"Hata baba."

"Hakuwa na njia nyingine, Pina. Alikwisha apa mbele za watu. Shangazi anasema alikuja mwenyewe usiku kumwambia, 'Dada, mtu akiniibia huyu mtoto mimi nitapiga kelele mpaka kwa askofu, halafu nitapona.' Anakupenda. Na jibini akatoa."

"Jibini akatoa! Nishukuru? Baba anajua, mama anajua, shangazi anajua, wewe unajua. Punda naye alijua, niliona anavyoniangalia asubuhi. Ni nani katika nyumba ile aliyeniuliza mimi?"

Liborio alimsogelea hatua moja. Rangi ikamtoka usoni, ikabaki masikioni tu.

"Hukujua?" alisema. "Pina, naapa kwa roho ya bibi yangu, nilidhani unajua. Nilimuuliza Shangazi, nikamwambia, na Pina je? Akaniambia, Pina keshaambiwa na mama yake."

"Mama aliniambia nivae soksi nzuri! Nikamwambia, mama, soksi nzuri kichakani za nini? Akaanza kulia. Nikadhani ni vitunguu."

"Basi mama alidhani Shangazi..."

"Na Shangazi alidhani mama. Na wewe ulidhani wote. Siku ya kununua mbuzi mnamwangalia meno. Mimi hata meno hamkuniangalia."

Alisimama, akaingia tena ndani ya kile kibanda, kwa sababu alikuwa anakaribia kulia na hakutaka amwone juani. Liborio akamfuata. Vile vitambaa vitatu vya mwanga vilikuwa vimepanda ukutani, vimekuwa vya njano. Muda ulikuwa unakwenda, wote wawili wanauona.

"Twende," alisema Liborio. "Tukikimbia tutawahi. Ukitaka nitakubeba."

"Nikiwahi, baba anabaki na kiapo chake shingoni. Itabidi akufukuze mlangoni, hata kama hataki. Na kesho gari lako saa moja."

"Ndiyo."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa, kesho alfajiri wewe ni mke wangu."

"Umejisikia? Hata sasa hujaniuliza. Unanitangazia kama treni ya kwenda mjini."

"Basi ninakuuliza. Agrippina..."

Alimziba mdomo kwa kiganja. Midomo ile ilikuwa ya moto, na kiganja chake kilitamani kubaki pale mpaka Krismasi.

"Usithubutu," alisema. "Sio humu. Kijiji kizima kimenifungia mlango kwa nje, halafu uniulize kama nataka kukaa? Mtu akiulizwa pasipo na njia ya kusema hapana, huyo hajaulizwa."

Hakuutoa mkono. Liborio naye hakurudi nyuma. Aliuinamishia uso, akaubusu katikati, taratibu, akiwa amefumba macho, na Agrippina akajua kwamba ni mwili wake mwenyewe unaomsaliti sasa. Angekaa. Mungu wangu, angekaa. Lilikuwa jambo jepesi kama kujinyoosha kitandani. Asingehitaji hata kusema neno; angeacha tu jua lifanye kazi yake.

Akamkumbuka Venera wa nyumba ya mkabala, aliyetoroshwa miaka tisa iliyopita na mwanaume aliyempenda kufa. Mpaka leo sahani ikivunjika kwao mtaa mzima unamsikia mumewe: "Kama si mimi kukuchukua, nani angekuchukua?" Na Venera huwa hajibu, kwa sababu siku ile hakusema ndiyo wala hapana, kengele ilisema kwa niaba yake.

Akautoa mkono.

"Liborio, umeona lile dirisha la nje?"

"La kuchorwa?"

"Wewe ni mpimaji. Niambie, mtu akikaa nyumba yenye dirisha la namna ile, hewa anapata wapi?"

Hakumpa nafasi ya kujibu. Alitoka, akatupia kikapu begani, akashika njia. Baada ya hatua ishirini akasikia viatu nyuma yake.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kwenu."

"Baba ana bunduki."

"Najua. Jana alimtuma Shangazi aniombe mafuta ya kuisafishia."

"Ina risasi?"

"Shangazi alisema haina." Liborio alipunguza hatua. "Lakini Shangazi alisema pia kwamba wewe unajua."

Hapo Agrippina nusura acheke, akajizuia, maana ukicheka na mwanaume hasira inapotea na alikuwa bado anaihitaji. Wakateremka. Walipita kibanda cha tisa, walipita cha nne, wote kimya, yeye mbele, Liborio nyuma. Kisigino chake kilikuwa kimechubuka ndani ya zile soksi nzuri. Kila walipozunguka kona aliangalia jua, na kila mara lilikuwa limebaki, limebaki bado, kidole kimoja juu ya kilima, mpaka wakaziona paa za kwanza na bomba la kufulia nguo, na akaanza kuamini.

Kengele ikalia.

Alisimama kama aliyepigwa kofi. "Hapana," alisema. "Hapana, jua lile pale! Angalia mnara, una jua mpaka nusu!"

"Ni nani anayegonga?" aliuliza Liborio.

Agrippina alifumba macho. "Binamu yake Shangazi Gaetana."

Kengele iliendelea kulia bila haya. Angeweza kurudi nyuma sasa, akalie bondeni. Alikaza kikapu begani, akaingia mtaani katikati ya njia.

Majirani walikuwa tayari wametoa viti nje, kama siku ya maandamano ya mtakatifu. Mlangoni kwao alisimama Mzee Saverio na bunduki yake ya kuwindia sungura, na mashemeji wawili walikuwa wamemshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, vizuri kabisa, kama wanaomsaidia kuvaa koti. Uso wake ulikuwa umeelekezwa juu, kwenye ghorofa za watu.

"Ameniibia binti!" alinguruma. "Niacheni! Jambazi wa pwani, ameniibia mtoto wangu wa pekee! Niacheni nimuue!"

"Baba," alisema Agrippina.

"Niacheni, nasema!"

"Baba, mimi hapa."

"Nyamaza wewe, huoni nimeibi..." Akashusha macho. Akamwona. Akamwona na Liborio nyuma yake, na mdomo wake ukabaki wazi. Shemeji mmoja akamwachia mkono kwa mshangao, ikabidi Mzee Saverio amrudishie mwenyewe.

"Umerudi kufanya nini?" alimnong'oneza.

"Nimerudi nyumbani, baba. Si nakaa hapa?"

Kutoka dirishani juu ilisikika sauti ya Shangazi Gaetana: "Kengele imelia! Mtaa mzima umesikia! Kengele imelia hawajafika!"

Hilo lilimrudishia Mzee Saverio pumzi. Akajivuta, akasafisha koo. "Kengele imelia," aliwaambia watu, na sauti yake ilikuwa na huzuni kubwa na macho yake yalikuwa na raha ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Mimi nilikula kiapo, nyinyi ni mashahidi. Lakini kengele ikilia, kauli ya baba imekwisha, haifungui mlango wala haifungi. Nifanyeje? Kesho alfajiri, kwa padri."

Wanaume wakatikisa vichwa, ndivyo, ndivyo, angefanyeje. Agrippina alimwangalia baba yake na kumpenda kwa uchungu, mzee mwenye masharubu, anayejificha nyuma ya kengele.

"Siolewi," alisema.

Viti vilisogezwa mbele.

"Siolewi kesho alfajiri. Hakuna aliyenitorosha. Nilitoka na jua, nimerudi na jua, lile pale juu ya mnara, liangalieni." Mtaa mzima ukageuza vichwa kuangalia jua, na jua lilikuwepo. "Mimi sijachukuliwa na mtu. Nina miguu, inaniuma, nimekuja nayo."

"Mwanangu," alisema Mzee Saverio kwa sauti ya chini kabisa, "nakuomba. Nimekutengenezea njia."

"Najua, baba. Nimeiona jibini."

Mzee akainamisha kichwa.

Hapo Liborio alipita mbele. Bunduki ilikuwa bado imeelekezwa upande wake, na alikuwa hajui bado kama ina risasi. Agrippina aliona mshipa wa shingo yake unavyopiga. Alivua kofia. Penseli ikaanguka kutoka sikioni, hakuiokota.

"Agrippina," alisema, na sauti ilimpasuka kidogo, akaanza upya. "Agrippina, binti wa Saverio na Nunziata. Mimi ni mtu wa pwani. Sina ardhi, kazi yangu ni kupima ya wenzangu. Leo nilikaribia kukuchukua bila kukuuliza, na nimeona aibu njia nzima. Sasa nakuuliza mbele ya watu hawa wote. Utakubali nikuoe? Ukisema hapana, hapo hapo nitawaaga baba na mama, na saa moja asubuhi nitaondoka, wala hutasikia neno baya kutoka kwangu."

Venera alikuwa amesimama mlangoni kwake na sufuria mkononi. Alikuwa ameacha kukoroga.

Ile 'ndiyo' ilikuwa ulimini mwake. Agrippina aliihisi ilivyokaa pale, tamu, nzito, imeiva. Akamwangalia Mzee Saverio.

"Baba, wewe unasemaje?"

Mzee aliwatazama wale wanaume wa kinyozi, mmoja baada ya mwingine. Akaikabidhi bunduki kwa shemeji.

"Mimi?" alisema. "Mimi kengele imenimaliza, kila mtu amesikia. Sina kauli. Mwenye kauli ameulizwa."

Mtaa mzima ukamgeukia Agrippina. Aliziona nyuso zote, za viti, za madirisha, za Shangazi juu, zote zimekwisha kumjibia, zimekwisha kula na keki. Akarudisha macho kwa Liborio.

"Nitakujibu Jumapili," alisema. "Baada ya misa."

"Jumapili?" alisema Liborio.

"Jumapili?" alipiga yowe Shangazi Gaetana.

"Jumapili," alisema Agrippina, akampita baba yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Halafu akatia komeo. Alikaa sakafuni na kikapu chake, mgongo kwenye mbao, na mama yake Nunziata akamkuta pale. Hakuwa na kitunguu mkononi safari hii, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Unampenda?" aliuliza mama.

"Nampenda mpaka naumwa."

"Na hukusema ndiyo, mbele ya dunia nzima, ukaidi gani! Gari lake ni kesho. Akiondoka je? Jumapili asipokuwepo?"

"Basi nitakuwa nimejua mapema."

Mama akakaa sakafuni kando yake, kwa taabu, akinyoosha mguu mmoja kwanza. Alichukua ile nguo nyeupe kutoka kikapuni, akaipukuta makombo ya mkate.

"Mimi baba yako alinichukua siku ya mavuno ya lozi," alisema. "Nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Ni mtu mzuri, sisemi. Lakini miaka ishirini na minne, Pina, wakati mwingine ninapokanda unga nakaa najiuliza, angeniuliza ningejibu nini. Sijui. Mpaka leo sijui."

Agrippina akamwegemea begani. Nje viti vilikuwa vinaburutwa kurudishwa ndani, watu wanabishana, mtu anacheka. Halafu kelele zikapungua, zikaisha. Aliinua kichwa, kwa sababu sasa ndipo angesikia viatu vikiondoka kuteremka mtaa. Alisubiri kuvisikia. Havikusikika.

Mama akainuka kwa kushika ukuta, akasogea dirishani, akafungua ubao upana wa kidole.

"Yupo," alisema.

"Anafanya nini?"

"Amekaa kwenye ngazi ya kwa Venera. Venera anampa sahani."

"Mwambie kengele imelia, aende akalale."

"Mwambie wewe." Mama akasogeza jicho karibu zaidi na ule ufa. "Anauliza kitu. Venera anamjibu... anamwonyesha kwa vidole. Kimoja, viwili, vitatu." Akageuka. "Mwanangu, leo si Alhamisi?"

"Alhamisi, mama. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili."

Agrippina akaja akasimama nyuma yake, akachungulia juu ya bega lake. Upande wa pili wa mtaa, Liborio alikuwa amekwisha kula. Aliweka sahani chini, akavua viatu, akavipanga kando yake kimoja karibu na kingine, kama mtu ambaye hana safari.